Sista Rahab Anaondoka Od Wach

Ijumaa tarehe 31 Machi 1978, Sista Rahab Waithira Mathenge atastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ualimu cha Rachar kwa miaka kumi na tisa. Alifika Februari 1959, wakati chuo kilipokuwa na mabweni mawili ya mabati na zahanati iliyokuwa zamani stoo ya majembe. Anakiacha kikiwa na umeme, maktaba, na wanachuo kutoka kila pembe ya Nyanza na Magharibi. Stoo ile ya majembe ndiyo leo wanachuo wanaiita Od Wach, yaani nyumba ya maneno, na hakuna anayemaliza mwaka hapa Rachar bila kuijua njia yake.

Kamati ya wafanyakazi iliniomba mimi, Absalom Ouma wa idara ya hesabu, niandike wasifu huu kwa programu ya sherehe ya kumuaga. Kwa kawaida kazi hii hupewa mtu aliyemtazama mstaafu kwa mbali kidogo, ili aweze kumsifu bila sauti kukatika. Mimi si mtu huyo. Mwaka 1969 nilikuwa mgonjwa wake, na ugonjwa wangu haukuwa malaria. Kabla ya kuandika nilimwomba ruhusa mke wangu Bilha, kisha nikamwomba Sista mwenyewe. Wote wawili walikubali. Sista aliongeza jambo moja tu: "Usinifanye malaika, Mwalimu. Watu wataogopa kuja."

Alizaliwa Nyeri mwaka 1923 na kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni huko huko kwao, ndiko alikopata jina la Sista. Kilichomleta Kisumu ni ndoa. Mume wake, Bwana Mathenge, alikuwa mfanyabiashara wa viazi na maharagwe, na alikuwa amefungua duka mjini karibu na soko. Chuo kilipotafuta muuguzi, Sista alikuja kuomba kazi akiwa na cheti mkononi na mtoto wao wa mwisho mgongoni. Mkuu wa chuo wa wakati ule alimuuliza kama ataweza kuishi kati ya watu ambao lugha yao haijui. Alijibu kwamba homa haina lugha.

Dholuo alijifunza kwa wagonjwa, na wagonjwa ndio waliolipia masomo hayo. Asubuhi moja aliingia kuwaamsha vijana waliokuwa wamelazwa. Alitaka kusema "chiewuru", amkeni. Akasema "chiemuru", kuleni. Vijana wakaketi vitandani wakangoja uji. Uji haukuja. Sista aliporudi akawakuta bado wameketi, akafurahi kwamba wamemtii, akaenda zake. Wiki nzima wodi ile iliamshwa kwa kukaribishwa chakula kisichokuwapo, mpaka mpishi akaona huruma. Wakamwita Nyar Nyeri, binti wa Nyeri, na jina limemkaa hadi leo.

Alijua pia maradhi ya Jumatatu. Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, benchi la zahanati lilijaa wenye maumivu ya tumbo. Sista hakubishana na mtu. Alikoroga chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, katika bilauri kubwa, akamwambia wa kwanza anywe mbele ya wenzake. Kabla bilauri haijafika kwa wa pili, benchi zima lilikuwa limepona na kuelekea darasani.

Kicheko hicho kilikoma mwaka 1963.

Kulikuwa na mwanachuo wa mwaka wa pili aliyeitwa Wakhisi, kijana mtulivu kutoka upande wa Bungoma, mwenye mwandiko mzuri sana ubaoni. Alikuja zahanati akilalamikia kichwa, akapewa aspirini. Akaja tena Jumatatu iliyofuata, siku ambayo mkaguzi angeketi nyuma ya darasa lake, na Sista akamtania kidogo kuhusu bilauri. Wakhisi alitabasamu. Mara ya mwisho aliketi benchini muda mrefu bila kusema shida yake, akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda. Siku hiyo hiyo alijitoa uhai.

Alizikwa haraka na bila nyimbo, kama walivyozikwa waliokufa kwa njia ile. Chuo hakikutuma mtu. Sista alipanda basi akaenda peke yake. Mama yake Wakhisi, aliyeitwa Nakhungu, alimpa kiti, kisha akamuuliza jambo moja.

"Mwanangu alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu, Mama. Mimi ndiye sikumuuliza."

Nakhungu hakumlaumu. Alimwekea chai. Sista amenieleza kwamba angeona afadhali alaumiwe.

Aliporudi aliimwaga ile haluli nyuma ya zahanati. Akaomba likizo isiyo na mshahara, akaenda Nairobi kujifunza katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na wenzake wengi wakadhani hatarudi. Alirudi mwaka 1965. Alitoa benchi nje, akaweka viti viwili ndani, vinavyotazamana lakini si uso kwa uso kabisa, na pazia mlangoni. Tangu hapo, mgonjwa akisema kichwa kinauma, Sista alimpa dawa ya kichwa, kisha akauliza, "Na nini kingine?" Halafu alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Wengi walisema hakuna kingine wakaondoka. Wengine walikaa mpaka kengele ya chakula ikalia na bado hawajamaliza.

Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Nabututu, mtu mwangalifu aliyekipenda chuo hiki kuliko usingizi wake, hakufurahi. "Sista," alimwambia katika mkutano wa wafanyakazi, "tukianza kuwauliza watu maswali kama hayo, hatutamaliza."

"Ndiyo, Bwana," Sista alisema. "Hatutamaliza."

Mimi nilikuwa kwenye mkutano ule. Nilicheka pamoja na wengine. Nilikuwa kijana, nina mke na pacha wawili wa kike, na sikujua kwamba maneno yale yananihusu.

Pacha wetu waliitwa Apiyo na Adongo. Juni 1969 surua iliingia nyumbani ikawapata wote wawili. Adongo alipona. Apiyo hakupona. Alikuwa na miaka saba, na alikuwa ameanza kunisahihisha hesabu za jikoni.

Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu nilikuwa darasani nikifundisha desimali. Watu walinisifu. Walisema huyu ni mwanamume, na mimi nikaamini kwamba nimevuka. Lakini nyumbani sikuweza kumtazama Adongo, kwa sababu uso ulikuwa ule ule. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Bilha aliona. Alinyamaza kwa sababu naye alikuwa na msiba wake wa kubeba, na mimi sikuwa nikimsaidia kuubeba.

Septemba wanachuo wangu walinikuta nikiandika hesabu moja ubaoni, nikiifuta, nikiiandika tena, mpaka kipindi kikaisha. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa siwezi kula, na usingizi ulinikimbia. Wazee wa nyumbani walisema ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, wakaanza kuutafuta huo mwiko. Bwana Nabututu alinishauri nipumzike Jumamosi na Jumapili. Sista Rahab alikuja nyumbani mara mbili, akaniuliza, nami nikamjibu vizuri sana. Mwalimu wa hesabu anajua kutoa jibu linalotakiwa.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Oktoba nilifunga tai kama mtu aendaye kazini, nikatoka, nikaelekea ziwani. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wavuvi wa Dunga waliokuwa wakirudi na dagaa wa omena waliniona, wakanitoa majini. Mmoja wao alinitambua, kwa kuwa nilimfundisha mwanawe, na badala ya kunipeleka kituoni wakanileta zahanati kwa mkokoteni, nimefunikwa tanga.

Sajini wa polisi alifuata nyuma. Nilikuwa macho, nikayasikia yote.

"Sista, lazima niende na huyu," alisema. "Kujaribu kujiua ni kosa. Sheria ndiyo inasema hivyo, si mimi."

"Nimekusikia, Bwana Sajini. Huyu amekunywa maji na kifua chake si kizuri. Ukimweka seli leo, kesho utachukua maiti. Hiyo nayo utaiandika vipi?"

Sajini alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Na akipona?"

"Akipona nitakuita mwenyewe."

Hakumwita, na Sajini, Mungu ambariki popote alipo, hakurudi kuuliza.

Bwana Nabututu naye alikuja. Alitaka niondolewe kimya kimya kabla chuo hakijajua. Alisema kwamba hapa ni mahali pa kulea walimu, na kwamba wazazi watasema watoto wao wanafundishwa na mwendawazimu. Sikumchukia kwa hilo. Alikuwa akisema lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikijiambia.

"Wanachuo wanajua, Bwana," Sista alimjibu. "Walijua kabla yetu. Sasa wanangoja kuona tutamfanyia nini."

Bwana Nabututu akaagiza kitanda kizuri kutoka nyumba ya wageni.

Siku zilizofuata, Sista hakunihubiria wala hakuniambia nishukuru Mungu. Aliniletea ungo wa maharagwe kutoka duka la mume wake, akaniwekea magotini, akaketi na ungo wake mwenyewe. Tulichambua maharagwe. Mabovu huku, mazima huku. Akiitwa nje, alimwacha mtu wa zamu aketi nami, na mtu huyo naye alipewa ungo. Nadhani Oktoba ile chuo hiki kilikula maharagwe safi kuliko chuo chochote Kenya.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi huo, watu walipigwa risasi mjini Kisumu katika ziara ya Rais. Wengi watakaoisoma programu hii walikuwapo, na waliopoteza mtu hawahitaji kukumbushwa nami. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa. Hospitali ilijaa majeruhi. Chuki kati ya Wajaluo na Wakikuyu ikapanda mpaka majirani waliokopeshana chumvi wakawa hawasalimiani, na wafanyabiashara wa kutoka Nyeri na Murang'a wakaanza kufunga maduka na kuondoka. Asubuhi ya Jumatatu, ukuta wa zahanati ulikutwa umeandikwa kwa mkaa: Rudi kwenu. Kabla ya jua kuwa kali, wanachuo walikuwa wamelipaka chokaa jengo lote, pande zote nne. Sista aliwapa maji ya kunawa mikono, na hakuuliza ni nani aliyeandika.

Baada ya siku chache Bwana Mathenge alifika langoni na lori. Lilikuwa limebeba vitanda, mizani ya dukani, magunia, na juu ya magunia watoto wao wakiwa wameketi na masweta kama watu waendao baridini. Alikuja kumchukua mkewe.

Walizungumza nje ya dirisha langu, kwa Kikuyu. Sikuelewa neno hata moja. Nilielewa sauti tu: ya mume, iliyoanza kwa kuamuru na ikaishia kwa kuomba, na ya mke, iliyojibu kidogo kidogo. Miaka mingi baadaye Sista alinieleza yaliyosemwa. Mathenge alisema kwamba dereva hawezi kungoja, na kwamba njia ya kesho hakuna anayeijua. Sista alimjibu, "Kuna mtu humo ndani ambaye nikimwacha leo atakufa."

"Na sisi?" Mathenge alimuuliza.

Sista anasema swali hilo analitafutia jibu hadi leo.

Kisha mlango ukafunguliwa, Mathenge akaingia. Alikuwa mtu mrefu, amevaa koti zito, na macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama, akautazama ungo uliokuwa magotini mwangu.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema.

"Ndiyo mimi."

Mimi nilikuwa Mjaluo, na mjini Wajaluo walikuwa wamemvunjia madirisha ya duka. Yeye alikuwa Mkikuyu, na ndugu zangu walikuwa wakiwazika watu wao. Hakuna kati yetu aliyelisema jambo hilo.

"Basi upone," akasema mwishowe. "Usimfanye mama huyu abaki bure."

Akatoka. Nikasikia lori likiwashwa, nikalisikia mpaka likapotea upande wa barabara ya Ahero.

Sista alirudi akiwa amenawa uso. Aliketi, akauchukua ungo wake. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Alichambua maharagwe kadhaa, kisha akasema, kama anayeendeleza mazungumzo tuliyokuwa nayo tangu zamani, "Mwalimu, mke wako ananiambia Adongo hali chakula vizuri. Anadhani umemkasirikia kwa sababu yeye ndiye aliyebaki."

Hapo ndipo nilipolia. Tangu Juni sikuwa nimelia. Nilimlilia Apiyo, nikamlilia huyu aliyebaki, na nadhani nililia pia kwa ajili ya watoto wale waliokuwa juu ya magunia. Sista hakuninyamazisha. Alivuta pazia.

Kesho yake Bilha alimleta Adongo. Mtoto aliketi mwisho wa kitanda, mbali, miguu ikining'inia. Sista akamwekea maharagwe kidogo katika sahani, akatoka. Tulichambua, baba na mtoto, kwa muda mrefu. Halafu Adongo akainua moja.

"Baba, hili nalo ni bovu?"

Nililazimika kumsogelea ili nilione. "Hapana," nikamwambia. "Hilo ni zima. Lina doa tu."

Sitaki mtu adhani kwamba nilipona siku hiyo. Nilirudi darasani Januari 1970, kwanza vipindi viwili kwa wiki, Sista akipita karibu na dirisha akijifanya anatafuta mtu. Mwaka 1971 ugonjwa ulirudi, nikalala Od Wach tena. Safari hiyo nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, asubuhi, nikabisha hodi. Sista amenifundisha kwamba hilo ndilo linaloitwa kupona.

Baada ya mwaka ule watu walianza kuja kutoka nje ya chuo. Walikuja walimu wa Maseno. Alikuja mwalimu mkuu kutoka upande wa Ahero ambaye mafuriko ya Kano yalimchukulia madarasa na wanafunzi wawili, akawa hawezi kusikia mvua juu ya mabati bila kukimbia nje. Alikuja mwalimu wa kike aliyekuwa akiwapiga watoto kupita kiasi na hajui kwa nini. Wote waliketi kwenye kile kiti cha pili. Wizara haikuwa na jina la kazi hiyo, kwa hiyo katika karatasi za mshahara Sista amebaki muuguzi daraja lile lile aliloajiriwa nalo.

Kuanzia 1972 alikubaliwa kuwafundisha wanachuo wa mwaka wa mwisho kipindi kimoja kwa wiki. Hakuwapa maneno makubwa. Aliwaambia kwamba mtoto anayepiga kelele darasani mwalimu atamwona bila kusaidiwa. Wamtafute yule aliyeacha kupiga kelele. Leo shule nyingi za ufuo huu zina mwalimu aliyepita katika kipindi hicho. Yule anayemwona mtoto ameacha kucheza, akamwita pembeni na kumuuliza, na akanyamaza akingoja jibu, huyo amefundishwa na Rahab Waithira, hata kama yeye mwenyewe amesahau.

Hakuwaokoa wote, na ameniamuru nilitaje hilo. Mwaka 1974 tulimpoteza mwanachuo wa kike ambaye sitamtaja, kwa heshima ya wazazi wake. Yeye aliulizwa. Aliulizwa mara nyingi, na akajibu, na Sista alikaa naye, na bado tukampoteza. Safari hii chuo kizima kilikwenda mazishini, na tuliimba, ingawa wapo waliotaka tusiimbe. Bwana Nabututu, aliyekuwa karibu kustaafu, ndiye aliyeanzisha wimbo. Od Wach ilifungwa siku iliyofuata. Baada ya hapo Sista akaifungua.

Familia yake haikurudi Kisumu. Bwana Mathenge alifungua duka dogo kwao Nyeri na kuwalea watoto pamoja na mama yake. Sista alikwenda kila Desemba. Kila mwaka alisema kwamba mwaka ujao ataomba uhamisho, na kila mwaka palikuwa na mtu kwenye kiti ambaye hawezi kuachwa bado. Sisi wenzake tuliona. Tulisema "pole Sista", kisha tukamletea mwingine. Kama kuna jambo ambalo chuo hiki kinapaswa kumwomba msamaha, ni hilo.

Mei 1975 ilikuja simu ya maandishi kwamba Bwana Mathenge ni mgonjwa sana. Aliondoka kwa basi la kwanza. Alipofika walikuwa wamekwisha kumzika.

Alirudi baada ya wiki mbili. Tulimpa rambirambi ofisini, tukaimba, tukampa bahasha. Asubuhi iliyofuata watu walikuwa wamejipanga mlangoni kwake kama kawaida, naye akawafungulia. Jioni nilikwenda nikaketi kwenye kile kiti ambacho kwa kawaida ni chetu, nikamwachia chake. Tulikaa hivyo mpaka akazungumza mwenyewe.

"Kila Krismasi alikuwa akiniuliza kitu kimoja," alisema. "Ananiuliza, yule mwalimu alipona? Namwambia alipona. Basi anaendelea kula. Hakuwahi kusema neno lingine juu yako."

Agosti ya mwaka uliofuata mimi na Bilha tulisafiri mpaka Nyeri. Wahome, mwana wao wa kwanza, alitupokea kwa adabu na kwa ubaridi kidogo, na nilimwelewa. Alitupeleka shambani, pembeni ya migomba, palipo na kaburi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya Kiswahili kizuri njia nzima kutoka Kisumu. Nilipofika pale nilitaja jina langu tu, yakaisha. Bilha aling'oa magugu. Wahome naye akainama, akamsaidia.

Sasa Sista anakwenda kuishi na mwana huyo. Atakuwa na wajukuu ambao hawamjui vizuri, na shamba la kahawa, na baridi ambayo mifupa yake imeisahau. Anasema anaogopa kidogo. Amewauliza wengine maisha yake yote kama wanaogopa, kwa hiyo anajua kulisema.

Nafasi yake haijajazwa. Tumeandika wizarani, tumejibiwa kwamba nafasi ya namna hiyo haipo. Bi. Nasipwondi, muuguzi msaidizi aliyefunzwa na Sista, atabaki na dawa na kile kiti. Mimi nitakuwa pale Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi. Walimu wengine wamejitolea siku zilizobaki. Hatujui kama tutaweza. Tunajua tu kwamba mlango ukibaki umefungwa wiki moja, kuna mtu atakayeugusa na kurudi zake.

Sista Rahab, kwa niaba ya Mkuu wa chuo, walimu, wapishi, walinzi na wanachuo wa Rachar, kwa niaba ya walimu wa Maseno na Ahero na shule zote za ufuoni, tunasema erokamano. Asante kwa waliokaa na kwa wale ambao hukuweza kuwashika. Tunawashukuru pia watoto wako, waliotuazima mama bila kuulizwa. Mungu akupe miaka mingi ya usingizi mtulivu, wajukuu wenye kelele, na siku njema kwenye vilima vya kwenu.

La mwisho ni tangazo. Kamati ilipomuuliza Sista angependa sherehe iwe namna gani, hakuomba zawadi. Aliomba ianze mapema mchana, na akaomba radhi kwamba huenda asikae mpaka mwisho, kwa sababu wiki hii kuna msichana wa mwaka wa kwanza katika chumba kile ambaye hapaswi kuachwa peke yake. Kwa hiyo, ikiwa tutakapofika kwenye hotuba kiti cha mgeni wa heshima kitakuwa kitupu, msinong'one wala msimtume mtu kumwita. Tuendelee bila yeye, na tusipige makofi kwa nguvu sana, maana zahanati ni pale karibu, na madirisha yako wazi.